Shubiri na Kopo la Kahawa

(Mazungumzo haya niliyatoa Jumamosi moja ya mwezi wa tisa, mjini Houston, Texas, kwenye maonyesho ya picha za vijana wa familia zinazozungumza Kiswahili. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimepunguza vicheko, na mahali nilipopotea nimejirudisha njiani.)

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na kina baba, poleni na barabara, maana najua wapo waliotoka Dallas tangu alfajiri. Vijana, hamjambo?

Nimesikia "hatujambo" moja tu, tena ya mtoto wa chekechea. Haya, tutakwenda hivyo hivyo.

Nimeombwa nizungumzie urithi na rangi. Mnajua kwamba mwezi huu, kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Oktoba, Marekani inaadhimisha urithi wa watu wenye asili ya nchi zinazozungumza Kihispania. Ilianza ikiwa wiki, mwaka 1968, ikafanywa mwezi mwaka 1988. Tarehe 15 ni siku ya uhuru ya Guatemala, El Salvador, Honduras, Nikaragua na Kosta Rika, na Meksiko inafuata kesho yake. Shuleni wadogo zenu watapewa karatasi za kupaka rangi: kofia pana, gitaa, mpungate wenye miiba. Watapaka, watarudi nazo nyumbani, mama atazibandika kwenye friji, na Novemba zitakwenda kwenye pipa la taka. Ndiyo urithi uliokwisha kazi.

Leo nataka niwasimulie habari za mchoraji mmoja, Carmen Lomas Garza, msichana aliyezaliwa mwendo wa kama saa nne kwa gari kutoka hapa tulipokaa, aliyekataa kuchora urithi wa namna hiyo. Ila kwanza niseme neno kuhusu ukuta ule.

Nimeupitia ukuta mzima, polepole, na miwani yangu. Kuna mikono mizuri hapa, sisemi kwa kupamba. Lakini nimehesabu mibuyu sita. Sita! Nikawauliza wachoraji mmoja mmoja kwa siri, nani kati yenu amewahi kuuona mbuyu, kuushika gome lake, kula ubuyu ukamwacha midomo myekundu? Wawili. Wengine wanne wameutoa kwenye simu. Kuna jua kubwa la machungwa linazama nyuma ya twiga, na aliyelichora kazaliwa hapa hapa Houston na twiga kamwona zoo. Sikulaumu, mwanangu. Umeambiwa uchore "asili yako", ukaenda kuitafuta mahali inapouzwa.

Halafu chini kabisa, karibu na mlango wa jikoni, nikakuta picha ndogo ambayo nadhani imewekwa pale kwa sababu haikuonekana ya kisherehe. Madumu ya maji. Madumu ya njano, mengine yamefifia, moja limefungwa kwa kipande cha mfuko mahali pa kifuniko, yamepangwa foleni ndefu kwenda bombani, na hakuna watu. Kila dumu lina alama yake: herufi, msalaba, ua, kitambaa chekundu shingoni. Mahali pamoja hakuna dumu, kuna jiwe. Nikamuuliza kijana aliyechora, hilo jiwe la nini? Akanijibu kwa ile sauti ya mtu anayeona umemuuliza jambo la wazi: "Ni nafasi ya mama. Dumu alikuwa ameliazima jirani."

Huyu kijana amekulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, Kigoma. Jiwe lile ndilo lililonifanya niitupe hotuba niliyokuwa nimeiandika na kuanza upya juzi usiku.

Sasa tuje kwa yule msichana. Alizaliwa mwaka 1948, Kingsville, kusini mwa Texas, mji uliozaliwa na reli mwaka 1904 kwenye ardhi ya King Ranch, ile ranchi kubwa kuliko baadhi ya mikoa ya kwetu. Na ardhi ile, kabla haijaitwa ya Marekani, ilikuwa ya Meksiko. Vita ya miaka ya 1840 iliisha kwa mkataba wa mwaka 1848, mpaka ukasimamishwa kwenye mto Rio Grande, na watu waliolala Wameksiko wakaamka wageni kwenye viwanja vyao wenyewe. Wajukuu wao wana msemo wao: hatukuvuka mpaka, mpaka ndio uliotuvuka. Ninyi wa Uvira na Kigoma, na ninyi wa Lunga Lunga na Horohoro, hamhitaji kufafanuliwa hilo.

Carmen alizaliwa miaka 100 kamili baada ya mkataba ule, na hali ilikuwaje? Niwape kisa kimoja kinachojulikana. Askari mmoja wa Texas mwenye asili ya Meksiko, Felix Longoria, aliuawa Ufilipino mwaka 1945 akiipigania Marekani. Mwili wake uliporudishwa mwaka 1949, nyumba ya maziko katika mji wake wa Three Rivers ilikataa kuutoa ukumbi wake kwa ajili ya mkesha, kwamba Wazungu wa pale hawatapenda. Daktari mmoja wa Corpus Christi, Hector P. Garcia, alikuwa ameanzisha chama cha askari wastaafu wa asili ya Meksiko mwaka uliotangulia. Akapiga kelele mpaka ikamfikia Seneta Lyndon Johnson, na Longoria akazikwa kwa heshima zote Arlington, makaburi ya kitaifa ya askari. Corpus Christi na Kingsville ni jirani. Wazazi wa Carmen walikuwa katika chama hicho cha Daktari Garcia. Kwa hiyo mtoto huyu alikua akisikia mambo haya mezani, kati ya kijiko na kijiko.

Na shule je? Texas ilikuwa na sheria tangu mwaka 1918 iliyokataza kufundisha kwa lugha nyingine isipokuwa Kiingereza, na haikufutwa mpaka mwaka 1969. Desemba 1968, Tume ya Haki za Raia ilipokaa San Antonio kusikiliza watu, wanafunzi walieleza walivyoadhibiwa kwa kuongea Kihispania, hata kwenye uwanja wa michezo. Carmen naye ameeleza hayo kwa upande wake: lugha ya nyumbani ilikuwa kosa, na alipojitahidi kusema hicho Kiingereza, akachekwa lafudhi.

Hapa mniruhusu nichepuke. Mimi nimesoma sekondari Tanga, nchi ambayo Kiswahili kinasifiwa kwenye kila jukwaa, na bado shuleni kwetu kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa, na unakaa nacho shingoni mpaka umnase mwenzako. Jioni, anayekutwa nacho ndiye anayedeki vyoo. Nilikivaa siku moja kwa sababu nilimwambia rafiki yangu "pole". Alikuwa amejikwaa. Neno moja tu. Nimekaa Marekani miaka mingi, nimefundisha watoto wa watu kuchora, na hadi leo nikisema "pole" mahali penye watu wakubwa, mkono unanipanda shingoni wenyewe. Basi nilipokutana na habari za watoto wa Kingsville, sikuzisoma kama habari za kigeni.

Haya. Sasa mtu aliyekulia katika hayo, akapata brashi, utamtarajia achore nini? Ngumi. Damu. Waya wa seng'enge. Na wenzake wengi walichora hivyo, kwa haki kabisa. Ilikuwa miaka ya 1960 na 1970, wafanyakazi wa mashamba ya zabibu California wamegoma tangu mwaka 1965, Cesar Chavez na Dolores Huerta wako mbele. Huku Texas, mwaka 1969, wanafunzi wa Crystal City walitoka madarasani kwa mgomo. Vijana wa asili ya Meksiko wakajiita Chicano, jina lililokuwa tusi wakaligeuza nishani. (Hilo jina la "Hispanic" ni la ofisini zaidi, la kujazia fomu. Msimwite mtu hivyo kabla hamjamuuliza mwenyewe anajiitaje.) Carmen alikuwa chuoni Kingsville, yumo ndani ya vuguvugu hilo, na anataka kazi yake iwatumikie watu wake.

Akachora bibi yake akichinja kuku.

Picha hiyo inaitwa "Para la cena", yaani kwa ajili ya chakula cha jioni. Tuko uani kwa babu na bibi. Bibi amemshika kuku, anammaliza. Babu yuko bandani anamfukuzia mwingine. Wajukuu wamefika na vikombe vyao vya barafu ya kukwaruzwa yenye sharubati, ile ya rangi kali ambayo hapa Texas inauzwa kila kona wakati wa joto. Carmen ni yule wa gauni la buluu. Mdogo wake wa kiume ameduwaa kiasi kwamba kikombe kimeinama, barafu inamwagika. Mwenyewe ameandika kwamba alijua siku zote babu na bibi wanafuga kuku, ila hakuwahi kujua kuku wanafikaje kwenye supu.

Iangalieni ile barafu inayomwagika. Angeliweza kumpa mtoto machozi, na sisi sote tungeelewa, na tusingekumbuka. Amempa kikombe kilichoinama. Ni lile lile jiwe la kijana wetu.

Anaziita picha zake monitos, vijitu. Watu wadogo wadogo, wamejaa, kila mmoja na shughuli yake, hakuna aliyewekwa kujaza nafasi. Chukueni ile ya jikoni, "Tamalada", siku ya kutengeneza tamales. Hamjui tamales? Mnajua, mmekula kwa majirani Desemba: donge la unga wa mahindi na nyama, limefungwa kwenye ganda la hindi, likapikwa kwa mvuke. Jiko ni la wazazi wake. Babu amevaa ovaroli ya buluu, pembeni yake Carmen na dada yake wanaloweka maganda makavu ya mahindi yalainike. Mama anapaka unga kwenye maganda. Shangazi na mjomba wanaweka nyama. Bibi anazipanga zilizokwisha kukunjwa, tayari kwa kupikwa. Ukiikodolea picha hiyo dakika tano unaweza kwenda nyumbani ukapika. Na amefafanua jambo moja linalonifurahisha: kwamba kwenye familia nyingine ni kazi ya wanawake peke yao, ila kwao kila mtu husaidia. Kina baba mlioko nyuma pale karibu na spika, mmesikia? Babu na ovaroli yake yuko mezani.

Ustadi wa kuangalia hivyo aliupata wapi? Kwa mama yake. Kuna mchezo wa Wameksiko unaitwa lotería. Una kadi zenye picha: jogoo, mwezi, tikiti, nguva, mpungate. Mwita kadi mara nyingi hasemi "jogoo" hivi hivi, hukutupia fumbo au kibwagizo, nawe utambue. Ni kitendawili-tega, kwa kweli. Mama yake Carmen alikuwa akizichora mwenyewe hizo mbao za kuchezea, na mtoto amesimama ubavuni, anatazama tikiti likitokea kwenye karatasi nyeupe mbele ya macho yake. Bibi yake naye alikuwa na mkasi, anakata karatasi za nakshi. Chuo chake cha kwanza kilikuwa hicho. Mwaka 1972 alipokuwa anamaliza shahada ya kwanza, moja ya kazi zake ilikuwa chapa ya bamba la chuma, watu wanacheza lotería. Na yale ya mkasi aliyafikisha mbali: ndani ya uwanja wa ndege wa San Francisco kuna kazi yake kubwa ya shaba, wachezaji ngoma, imekatwa kwa mtindo ule ule wa karatasi za nakshi. Mkasi wa bibi umefika uwanja wa ndege.

Sasa nije kwenye picha ninayoiweka moyoni. "Camas para sueños", vitanda vya ndoto, ya mwaka 1985. Iko Washington, kwenye jumba la Smithsonian la sanaa ya Marekani. Ni usiku. Wasichana wawili wamekaa juu ya paa la nyumba, Carmen na dada yake, mmoja ananyosha kidole angani. Chini, kwenye dirisha lenye mwanga, mama anatandika kitanda. Basi.

Usiku wa joto, ameandika, walikuwa wakipanda kule wakazungumza habari za nyota na habari za maisha yajayo. Alikuwa amekwisha kuamua tangu umri wa miaka 13 kwamba atakuwa mchoraji. Na anasema mama yake ndiye aliyemtia moyo huo, mama aliyewatandikia kitanda cha kulalia na akawatandikia pia kitanda cha ndoto za kesho. Mama mwenyewe alitamani awe mchoraji, hakupata. Yeye yuko ndani, na shuka. Anga ni pana, paa ni la watoto, na mwanga wote wa manjano umepewa mtu ambaye hakupanda.

Nikiitazama picha hii sioni Texas. Naona mama yangu kwenye dirisha la Ngamiani, kule Tanga, anakunja kanga zilizoanuliwa, na mimi nje nachora kwa mkaa kwenye ukuta wa jirani, kosa ambalo nililipia.

Wapo waliosema, na wapo wanaosema hata sasa, kwamba hizi ni picha za kitoto. Miguu mifupi, nyuso bapa, rangi za peremende. Jamani, huyu mama ana shahada tatu. Mwaka 1976 alihamia San Francisco, akafanya kazi kwenye Galería de la Raza, nyumba ya sanaa ya wenzake Wachicano, akiona kila mtindo unaopita mjini. Alijua kuchora kivuli cha pua kama anavyokijua mtu mwingine yeyote. Alichagua kuchora ili bibi yake asimame mbele ya picha akajitambua bila mkalimani. Kwetu tumeyasikia hayo hayo kwa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza pale Dar es Salaam mwaka 1968 na rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi, akafa mwaka 1972, hata miaka mitano haikutimia. Watu wanacheka "picha za watalii" huku wananunua. Kosa limekuja baadaye, chui wa Tingatinga alipogeuka kuwa mhuri, anachorwa na mtu ambaye hamfikirii chui tena. Mnaona tunakorudi? Kwenye mibuyu sita.

Niwaulize, mshubiri mnaujua? Ule mmea wa majani manene yenye miiba pembeni, mnaununua Walmart kwenye chupa ya kijani. Kwetu shubiri ni jina la uchungu. Mtu akitaka kusema maisha yamemshinda atasema yamekuwa shubiri. Mama akitaka kumwachisha mwanawe ziwa hujipaka shubiri, mtoto anakuja na njaa yake na mapenzi yake, anakutana na dunia. Huo ndio utangulizi wetu sote. Kusini mwa Texas, na Meksiko yote, mmea huo huo unaitwa sábila, nao kila bibi anao mlangoni: mtoto akiungua, jani linapasuliwa, ule ute wa ndani unapakwa, moto unatulia. Carmen ameandika kwamba sanaa yake ni kama sábila, inatibu majeraha ya ubaguzi.

Nimelifikiria hilo siku nyingi. Ni mmea mmoja. Uchungu wake uko kwenye maji ya njano chini tu ya ganda, na ute unaotuliza uko ndani zaidi. Huwezi kuufikia ute bila kukata pale palipo chungu. Kwa hiyo mtu akitazama rangi zile za Carmen, waridi, samawati, kijani cha mchungwa, akasema "mama huyu amekulia raha", hajaona kisu kilipopita. Anayekwenda kutafuta dawa ana kidonda.

Na dawa yenyewe ni nini? Si rangi peke yake. Kuna picha yake inaitwa "Curandera", mganga. Jirani anaumwa kifua, yuko kitandani. Amekwisha kwenda kwa daktari, amepewa dawa, na bado amemwita mganga aje amalizie. Mganga ana matawi ya mmea unaoitwa ruda, anampunga nayo mgonjwa. Miguuni mwa kitanda kuna moshi, copal inafukizwa. Inafukizwa ndani ya kopo la kahawa.

Kopo la kahawa! Mtu mwingine angemchorea mganga chetezo cha udongo chenye nakshi za Waazteki, wenyeji wa kale wa Meksiko, kizuri, cha makumbusho. Ingekuwa uongo mtupu. Kila aliyekulia mtaa ule analijua kopo lile, limeungua chini, lina kutu mdomoni, na moshi wake ndio uliomtibu shangazi. Sisi chetezo tunacho, ndiyo, lakini semeni ukweli, ni nyumba ngapi ubani unafukizwa kwenye kifuniko cha sufuria au kopo la maziwa ya unga? Mbona hamlichori?

Na hiyo copal niitaje kwa Kiswahili? Sandarusi. Utomvu mgumu wa manjano uliochimbwa ardhini kwenye mwambao wetu, Bagamoyo na huko, ukauzwa Unguja, na katika karne ya 19 merikebu za Wamarekani zilikuwa zikiubeba hadi Salem, Massachusetts, ukasafishwa, ukawa vanishi. Wazungu wakauita copal, neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki, kwa sababu walikwisha kuijua ile ya Meksiko. Vanishi hiyo ilipakwa kwenye mabehewa, kwenye fanicha, na juu ya picha za mafuta pia. Kwa hiyo, vijana, kabla hamjazaliwa, jasho la babu zenu limekaa juu ya picha za watu huku, linang'arisha rangi zao, na jina limeazimwa kwa bibi wa Carmen. Sikuja kufundisha historia, ila hili lilinikosesha usingizi kwa furaha nikaona nisilinyamazie.

Kijana wa madumu, simama kidogo. Usiogope, sikuiti jina. Nakuomba picha yako ihame pale mlango wa jikoni. Waandalizi, naomba mnisamehe, iletwe hapa mbele, hata kama itabidi twiga asogee. Na nina maswali kwako ya kazi, si ya sifa. Lile jiwe umelipaka kijivu kitupu. Jiwe lililokaa kwenye foleni ya bomba kila siku, limeshikwa na mikono mingapi? Limelowa upande gani? Na ardhi ya Kasulu si ya rangi hiyo, wewe unajua kuliko mimi, ile ni nyekundu inayoshika kwenye soli. Umeipaka hudhurungi kwa sababu ndiyo iliyokuwamo kwenye boksi la rangi. Changanya. Usikubali boksi likuamulie ardhi ya kwenu.

Na wale wa mibuyu, sisemi mzichane. Nawaambia mwende nyumbani leo mkatazame friji. Simu ya bibi imeegemezwa kwenye mkebe wa sukari ili mtu wa Bukavu aone sura. Shuka lililofunika televisheni kwa sababu mama bado anaogopa vumbi la mahali tusipokaa tena. Ndoo iliyokaa kwenye bafu lenye maji ya moto na ya baridi ya bomba, kwa nini ndoo bado ipo? Mwulizeni. Kisha chora ndoo.

Namalizia na picha moja, maana nasikia harufu ya pilau na najua nashindana na nani.

Inaitwa "Sandía", tikiti. Ni jioni ya joto. Babu amewaletea matikiti mchana, yamewekwa kwenye friji yapoe. Baada ya chakula wametoka wote kukaa barazani, na baba anakata, kila mtu anapewa kipande chake. Taa ya baraza inawaka. Carmen ameeleza kwamba taa ile ilikuwa kali kiasi kwamba huwezi kuona kitu chochote nje ya ukingo wa mwanga, na ilikuwa kama wako kwenye dunia yao wenyewe ndogo.

Fikirieni kilichokuwa nje ya ukingo ule. Kingsville, miaka ya 1950. Shule iko gizani kule, na mwalimu wake. Mji wa Three Rivers uko gizani kule. Vyote hivyo hajavichora hata kidogo. Amechora mahali mwanga unapoishia, mstari wake, na ndani ya mstari watu wanatema mbegu.

Kwetu Ngamiani taa ilikuwa karabai, na baba alikuwa akiipampu akisema msisogee. Tulikaa mkekani. Mdudu mmoja mkubwa alikuwa akigonga kioo, tik, tik, na hakuna aliyeinuka kumfukuza.

Nadhani tikiti lipo jikoni. Nimeliona likiingia. Yule dada mwenye kisu, tunakuja.